Ng'ombe Hajala

Ilikuwa siku ya tatu Bi Kanku hajatia kitu kinywani, na aliyemzuia kula alikuwa ng'ombe.

Najua inachekesha. Hata mimi siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikatabasamu tu, na siku ya tatu, nilipomwona mama yule wa miaka sabini ameshika ukuta ili aweze kuvuka ua wake mwenyewe, nikaacha kucheka nikaanza kukasirika. Mimi nikiogopa hukasirika. Ndivyo nilivyoumbwa, na mume wangu Ishaq ameshazoea.

Hayo yalikuwa Maskati, mwezi wa Juni mwaka 1967, wakati milima ya mawe inapotema usiku joto ililomeza mchana. Sisi tulikuwa na miaka mitatu tangu kutoka Unguja na sanduku moja na roho zetu, na Ishaq alikuwa amepata kazi ya ukarani forodhani. Nyumba tuliyopanga ilipakana ukuta kwa ukuta na ya Kankubai, mjane wa Kibaniani ambaye kichochoro kizima kilimwita Bi Kanku. Alizaliwa Kiponda, mtaa wa mjini kwetu Unguja, akaletwa Maskati kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile kile cha Kiponda. Siku niliyosikia nje ya dirisha langu mtu anamgombeza paka kwa Kiswahili cha mjini kwetu, nilikaa chini nikalia.

Kwetu nilikuwa nausema sana ule msemo wa Baniani mbaya kiatu chake dawa, kama wausemavyo watu, bila ya kufikiri. Niliuacha nilipoishi na Baniani mwenyewe.

Maisha ya Bi Kanku yalikuwa ibada tangu anafumbua macho. Hakuamka kama ninavyoamka mimi, natafuta ndara kwa mguu huku nimefumba jicho moja. Yeye alikoga maji baridi gizani, akavaa nguo ambayo haijaguswa na mtu, akaumwagilia mrehani wao mtakatifu uliopandwa katikati ya ua, kisha akaenda kumwamsha Mungu wake. Kumwamsha hasa, kwa wimbo. Alikuwa na sanamu dogo la Krishna akiwa mtoto mchanga, na siku za joto kama zile alimpepea na kumpaka msandali kifuani, mchana akamlaza, jioni akamwamsha tena kama mjukuu. Jikoni kwake hakikuingia kitunguu wala thomu, sembuse nyama, na chakula hakikuonjwa na mtu mpaka mtoto yule apelekewe kwanza. Hata Gokaldas, mwanawe wa kumzaa, akirudi dukani na nguo za dukani alisimama nje ya kizingiti cha jiko, anangoja kama mteja.

Mimi kizingiti hicho nilikivuka wiki ya pili tu, na sahani ya halua mkononi. Bi Kanku akapiga kelele. Nikarudi kwangu nimefura, nikamwapia Ishaq kwamba simsemeshi tena Mhindi yule mpaka siku ya kiama. Asubuhi ya pili akaja mwenyewe, akakaa kwenye ngazi yangu.

"Hamdiya mwanangu," akasema, "weye ukishatawadha, mtoto akikukojolea, unasali?"

"Sisali. Natawadha upya, na nguo nabadilisha."

"Kwa kuwa humpendi mtoto?"

"Kwa hivyo mie ndiye mkojo?" nikamuuliza.

"Weye ndiye mtoto," akanijibu, akacheka mpaka shela ikamdondoka. Tangu siku hiyo tukawa kitu kimoja.

Sasa huyo ng'ombe. Katika nyumba ile, chapati ya kwanza kutoka kikaangoni kila alfajiri ilikuwa ya ng'ombe, na samli juu yake na kipande cha sukari guru. Si mabaki, ya kwanza. Kwa Bi Kanku ng'ombe ni mama, na ukishamfunga kamba uani kwako amekuwa mama na mgeni pamoja, na hakuna mtu mwenye haya anayekula kabla ya hao wawili. Ng'ombe wake mzee alikufa mwezi wa Machi, akamlilia kama jamaa. Mwezi wa Juni Gokaldas akaenda Barka, mji wa pwani, akamnunua ng'ombe mwengine kwa bwana mmoja aliyeitwa Sleyum: mwekundu, macho makubwa, mimba ya miezi minane. Bi Kanku akampa jina Gomti, akampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, akaweka nadhiri mbele ya mrehani wake. Maziwa ya kwanza ya Gomti, yakishakuwa safi ya kunyweka, yatakwenda hekaluni mwezi wa Agosti, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, na mpaka hapo ng'ombe huyo atatunzwa kama bibi harusi.

Bibi harusi akagoma kula.

Alipelekewa chapati, akainusa, akageuza uso. Akaletewa nyasi kavu kutoka Darsait, maana mbichi zilikuwa hazipatikani kwa joto lile. Akatafuna mbili tatu, akazitema. Akaletewa wali, dengu, ndizi iliyomenywa. Alikunywa maji tu, akasimama, mbavu zinaanza kuonekana na tumbo la mimba linaning'inia. Na Bi Kanku naye akawa anakunywa maji tu. Padri wao wa hekaluni akaja akasoma, akaondoka. Gokaldas akapiga magoti mbele ya mama yake, mtu mzima mwenye mvi, akamsihi ale japo tonge moja.

"Kamba nimemfunga mie," Bi Kanku akasema. "Hajala. Nitakula vipi?"

Siku hiyo ya tatu Gokaldas akaja kwangu. Alijua nimekulia shamba Bububu, baba yangu akifuga. "Dada Hamdiya," akasema, na macho yamemwiva, "njoo umwangalie. Mama hafiki Jumamosi."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa natoa vichwa vya dagaa kwa chakula cha mchana. Nikajifuta mikono kwa kanga, nikaenda. Nilimkagua Gomti meno, ulimi, masikio. Hana homa, hana kidonda. Nilipompitishia mkono puani, akashtuka kama aliyeitwa kwa jina lake. Akaulamba mkono wangu. Akalamba vidole kimoja kimoja, akapanda mpaka kwenye kisukusuku, akaurudia tena, kisha akaushika upindo wa kanga yangu akaanza kuutafuna.

"Anakupenda!" Gokaldas akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaganda. Maana miaka mitatu ile nilikuwa nimekwenda Mutrah, bandari ya jirani, mara nyingi, na huko nilikuwa nimeona kwa macho yangu, nikacheka mpaka nikashika ubavu, ng'ombe wa Kiomani wanakula dagaa kavu. Wanazitafuna kama watu wanavyotafuna njugu barazani. Huku pwani majani haba, dagaa tele, na ng'ombe hulelewa kwa dagaa na tende tangu ameachishwa ziwa. Kila mtu wa Barka anajua. Sleyum hakulisema kwa sababu hakuna anayeuliza ng'ombe anakula nini, na Gokaldas hakuuliza kwa sababu tangu azaliwe ng'ombe wa kichwani mwake anakula majani na chapati ya kwanza. Wakauziana kwa nia safi, pande zote mbili.

Nyumba isiyoingiza kitunguu ilikuwa imefunga uani mama mtakatifu mwenye uchu wa samaki.

Nilirudi kwangu nikamhadithia Ishaq. Ishaq aliposikia, akacheka kwanza, kisha akaona uso wangu akaacha. "Basi rahisi," akasema. "Alfajiri mpitishie kibakuli cha dagaa chini ya shela. Ng'ombe atakula, na bibi wa watu atakula. Nani atajua?"

"Maziwa yatakwenda hekaluni, Ishaq."

"Weye Muislamu, yakuhusu nini? Unaokoa roho."

Sitasema uongo: niliona ana haki. Alfajiri ya Ijumaa nilisali, nikajaza kibakuli, nikakificha chini ya shela, nikaingia uani kwao. Gomti alinusa tangu nipo mlangoni, akavuta kamba mpaka ikalia. Zilikuwa zimebaki hatua kumi. Bi Kanku alikuwa ameketi chini ya mrehani wake, hana nguvu ya kusimama, anaumwagilia kwa kikombe kidogo, maji nusu yanaanguka nje.

Nikakumbuka sahani zake mbili. Kila sikukuu yao aliniletea sahani mbili za ladu, tamutamu yao ya Kihindi, na kila mara aliniambia yale yale: "Hii imetoka mbele ya Mungu wangu, dini yako haikuruhusu, nimekuletea uuone uzuri wake tu. Hii nyengine haijakwenda huko, hii kula." Angeweza kunipa sahani moja na kunyamaza. Ningekula nikalamba vidole, na nani angejua? Nikajiuliza, mtu akinitilia haramu katika pilau kwa kunionea huruma, nikashiba na kumshukuru, huyo atakuwa amenipenda? Uso ukaniwaka kwa haya. Nikarudi nyuma, nikawamwagia paka wa kichochoroni dagaa zote, nikaingia tena mikono mitupu, nikakaa mbele yake.

"Bi Kanku," nikasema, "ng'ombe wako haumwi. Anataka dagaa."

Nikamweleza yote, mpaka na kibakuli. Sikuacha kitu.

Hansa, mkewe Gokaldas, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Gokaldas akawa mwekundu. "Leo hii anarudi Barka!" akasema. "Hawezi kukaa hapa. Na maziwa yake hayaendi popote!"

"Akirudi Barka hivyo alivyokonda, Sleyum atamfanya nini?" Bi Kanku akauliza kwa sauti ndogo. Sote tulijua mchinjaji anakaa wapi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yeye kalishwa, hakuchagua. Kosa lake nini?" Kisha akanitazama mimi. "Samaki haingii uani kwangu, Hamdiya. Na ng'ombe hatoki. Na mie sili kabla yake. Basi nambie, umelelewa shamba, tufanye nini?"

Nilitaka kumtikisa mabega. Nilitaka kumwambia wewe mzee una ukaidi wa punda. Lakini hakuwa mkaidi; kila neno lake lilikuwa limefungwa kwenye neno jengine tangu kabla sijazaliwa, na ukikata moja yanaporomoka yote. "Nipe mpaka alasiri," nikasema, sijui hata nilikuwa naahidi nini.

Nikafikiri: dagaa ana nini? Ana chumvi. Nikamwambia Hansa apake chapati chumvi. Gomti akailamba chumvi yote, kwa ustadi mkubwa, akaiacha chapati imelowa kama kitambaa. Hansa akaangua kilio. Mimi nikafurahi, maana ulimi ule ulikuwa umenijibu nusu. Chumvi anaitaka. Iliyobaki ni harufu ya bahari. Na bahari ina kitu chengine zaidi ya samaki.

Nikachukua kikapu nikaenda pwani ya bandari, jua limeshapanda, mchanga unachoma kupitia soli. Kwetu Unguja nilicheza na mwani utoto wangu wote, nikijifanya nina nywele za Mzungu. Maskati nilikuwa siutazami, kumbe upo, umelala juu ya mawe, wa kijani na wa hudhurungi, unanuka bahari hasa. Nikaung'oa mpaka kikapu kikajaa na kanga yangu ikalowa kiunoni. Wavuvi wakanitazama. Nikawatazama pia.

Bi Kanku aliupokea mwani kwa mikono miwili. "Ni mnyama huu?"

"Ni jani. Linaota juu ya jiwe, linakula jua, kama jani lolote."

Akalinusa, akalipasua, akaona ndani ni kijani. Uso wake ukafunguka kidogo, kisha ukafunga tena. Kwenye ncha ya kidole chake alikuwa ameshika konokono mdogo kama punje ya mtama, anatembea.

"Yumo hai," akasema.

Kwa hakika walikuwamo hai wengi. Konokono, kaa wadogo kama dengu, vidudu visivyo na jina. Kwetu tungeutia chunguni na wakazi wake wote. Katika nyumba ile, huwezi kumwokoa kiumbe mmoja kwa kuwachemsha mia mbili. Basi tukatandika mkeka kivulini, Hansa upande mmoja na mimi upande mwengine, Bi Kanku katikati, na ndoo ya maji ya bahari mbele yetu, tukaanza kuuchambua mwani jani kwa jani kama mchele wa harusi. Kila konokono aliyepatikana aliingia ndooni taratibu. Tulikaa muda wa saa tatu. Mgongo uliniuma, jasho liliniingia machoni, na ndani ya moyo wangu nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini kila nilipoinua kichwa nilimwona yule mzee, siku ya nne bila chakula, anamtafuta konokono wa mwisho kwa ncha za vidole, na midomo inamtaja Mungu wake. Nikainama tena nikachambua. Nilimpenda sana wakati ule, wallahi.

Ishaq alikuja kunitafuta baada ya swala ya Ijumaa, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. Nikamkabidhi ndoo.

"Hii nini?"

"Konokono. Warudishe pwani, na usiwamwage kwa nguvu."

"Mie karani wa forodha, Hamdiya!"

"Basi ni mzigo wako hasa, uvushe."

Akaenda. Namtangaza mpaka leo kwamba alikwenda, na aliingia majini mpaka magotini.

Gokaldas akaleta tende na kokwa zake, Hansa akatoa sufuria mpya ya shaba, maana vyombo vyangu vilikuwa vinajua samaki. Tukachemsha kokwa na tende na mwani pamoja mpaka uji ukawa mzito na ua mzima ukanuka kama bandari. Nikautia kwenye beseni, nikauacha upoe. Kisha Bi Kanku akasema ampelekee mwenyewe. Tukamshika huku na huku. Akaliweka beseni chini, akakunja mikono kifuani, akamwinamia ng'ombe kichwa.

Gomti akanusa. Akapuliza pua. Akanitazama mimi, si beseni, nadhani akitafuta vidole vyangu. Akanusa tena. Akatia ulimi kidogo pembeni, akautoa, akatulia. Gokaldas alikuwa anasali kwa sauti na hajui. Mimi nilisoma Kulhuwallahu mara tatu kwa ajili ya ng'ombe wa Kibaniani, na sijutii hata moja.

Halafu akazamisha mdomo wote.

Alikula kwa kelele, kwa pupa, uji unamruka mpaka machoni. Akalisukuma beseni kwa kichwa mpaka ukutani, akalilamba likang'aa. Hansa akampa chapati aliyoipitisha katika uji ule, akaimeza. Akampa ya pili, akaimeza. Sisi wote tunalia na kucheka kama wenda wazimu. "Mama, kala!" Gokaldas akapiga kelele. "Sasa na wewe!"

"Bado," Bi Kanku akasema. "Anaweza kutapika. Ngoja acheue."

Nilidhani nitapasuka. Tukangoja. Ndama alikuja kuzaliwa wiki tano baadaye, jike, mwekundu kama mamake, na Agosti maziwa yakabebwa mpaka hekaluni bila siri yoyote ndani yake. Padri alielezwa yote, dagaa za Barka na mwani wa Maskati, na akayapokea. Nilifurahi siku hiyo pia. Lakini haikufika hata nusu ya alasiri ile tuliyokaa watu wanne tunakodolea mdomo wa ng'ombe.

Hatimaye Gomti akapiga magoti, akalala, akashusha pumzi ndefu. Shingo yake ikafanya kituta kikapanda. Taya likaanza kwenda, kushoto, kulia, kushoto.

Bi Kanku akanyoosha mkono. Hansa akakimbia jikoni, akampelekea Krishna kwanza, akarudi na chapati ya moto. Bi Kanku akamega kipande, akakitia kinywani, akatafuna taratibu, macho amefumba. Akameza. Akamega chengine.

Nikapiga vigelegele. Sikukusudia, vilitoka tu, vile vya kwetu vya kutoka tumboni, vikaruka ukuta vikajaa kichochoro. Madirisha yakafunguka. Wanawake wa Kiarabu, wa Kibulushi, wa Kihindi, wakatoa vichwa, na Bi Kheiria wa nyumba ya mbele akauliza kwa furaha kubwa, "Kazaliwa nani? Mume au mke?"

"Hajazaliwa mtu!" nikamjibu, machozi yananitiririka. "Bi Kanku kala!"

Na wao, bila kuuliza zaidi, wakapokea vigelegele.